Kwa Nini Kwetu Anayetoa Kitabu Hukisoma Kwanza

Aliye karibu na mlango aufunge, baridi isije ikaingia kusikiliza pamoja nasi. Mmeniuliza kwa nini hapa nyumbani zawadi ya Krismasi ni kitabu, tena kitabu ambacho mtoaji amekwisha kukisoma, kimekunjika pembe na pengine kina doa la chai. Wenzenu huko mjini wanapewa vitu vipya vilivyofungwa kwa karatasi za kumetameta, nanyi mnaona haya kidogo kuwaeleza vya kwenu. Siwalaumu. Kaeni, niwasimulie jinsi jambo hili lilivyoanza, na mkirudi huko mtajua la kusema.

Zamani hizo, kabla mimi sijazaliwa, watu wa Kilambeni yetu hii hawakupeana vitabu. Krismasi ilikuwa siku ya nguo na nyama. Wanaume wengi walikuwa wameshuka tambarare kukata mkonge katika mashamba ya walowezi kando ya reli, na waliupanda mlima huu wa Upare mara moja tu kwa mwaka, mvua za vuli zikiwa zinamalizikia. Kila mmoja alirudi na mzigo wake: kaniki kwa mke, sabuni, sukari, chumvi, blanketi kwa mkubwa wa ukoo. Mizigo ilifunguliwa uani, mbele ya macho ya wote. Watu waliipapasa nguo, wakaivuta kuona kama ina nguvu, na mwanamume alijulikana ni mtu wa namna gani kwa kile kilichotoka mkobani mwake.

Vitabu vilikuwapo, ila vilikuwa vya kanisani na vya shuleni, na jioni vilifungiwa sandukuni. Hakuna aliyewaza kwamba kitabu kinaweza kuwa cha mtu, kilale naye nyumbani kama vile kuku wake au jembe lake.

Katika zamani hizo aliishi babu yangu, Senzota. Alikuwa mkata mkonge, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyopasuka kwa miiba na kwa utomvu ule unaowasha. Mkewe, bibi yangu Nanzia, alibaki huku juu akilima maharage, migomba na tangawizi. Walikuwa na binti mmoja tu aliyepona katika watoto waliowazaa, naye aliitwa Nakijwa. Huyo ndiye mama yangu. Senzota hakujua kusoma hata herufi moja. Alipopokea mshahara alibonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha akakipangusa kwenye suruali.

Nakijwa alipoanza shule, alikuwa mtoto wa kusoma kila alichokiona. Alisoma maandishi kwenye debe la mafuta ya taa, alisoma majina kwenye misalaba ya makaburini, alisoma kipande cha gazeti kilichofungia chumvi mpaka kikachanika mikononi mwake. Baba yake alipokuja Krismasi moja akamuuliza anataka nini mwakani, mtoto hakutaja gauni.

"Nataka kitabu, baba."

"Kitabu gani?"

"Chochote. Kiwe tu changu."

Senzota alirudi shambani na neno hilo. Mwaka mzima alilikumbuka, na Krismasi ilipokaribia alikwenda kwa mchuuzi aliyeuza vitu vikuukuu pale stesheni. Kati ya sufuria na viatu vya mguu mmoja mmoja aliona kitabu kinene, jalada jekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Alikishika, akakinusa, akakifungua. Kurasa zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Mchuuzi akaapa kwamba ni kitabu kizuri sana, chenye kila kitu ndani yake. Babu alitoa viatu vyake vipya pamoja na blanketi aliyokuwa akilalia, akakichukua, akapanda mlima peku.

Siku ya Krismasi mizigo ilifunguliwa uani kama kawaida. Mkubwa wa ukoo wakati huo alikuwa Mbonea, kaka yake Senzota, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, ambaye ndiye aliyemsaidia Nanzia shamba wakati mumewe yuko mbali. Nguo zilipita mikononi, zikasifiwa. Kisha Senzota akatoa kile kitabu chekundu, akampa binti yake kwa mikono miwili. Watu wakanyoosha shingo. Hawakuwa wameona zawadi ya namna ile.

Nakijwa akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akarudi kwenye wa kwanza, akaanza kutikisa midomo, akaacha.

"Soma basi," akasema Mbonea, "nasi tusikie."

"Sielewi, baba mkubwa. Herufi nazijua, maneno siyajui."

Kitabu kikapelekwa kwa Mchungaji Yoeli, mzee aliyekuwa amesomeshwa na wamisheni wa Kijerumani. Akakisogeza machoni, akakirudisha mbali, akafunua huku na huku. Alijitahidi asicheke, lakini alikuwa mtu mkweli.

"Ni Kijerumani," akasema. "Kinafundisha kuuguza farasi. Hapa ni kwato zilizooza. Hapa ni kikohozi. Hapa ni minyoo."

Hapa mlimani hapakuwa na farasi. Wengi wa waliokuwapo hawakuwa wamewahi kumwona hata mmoja. Kicheko kilianzia kwa vijana kikazunguka ua mzima, na Mbonea akakimalizia kwa sauti yake ile kubwa: "Ndugu yangu, umemletea mtoto farasi. Sasa mwakani umletee na majani!"

Senzota alicheka pia, kwa kuwa mtu akichekwa na ndugu zake hana pa kukimbilia. Lakini alimwona binti yake. Nakijwa hakucheka. Alikichukua kitabu kutoka kwa mchungaji, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akasema, "Ahsante, baba." Jioni ile baba yake alimkuta ameketi jikoni akifunua kurasa moja baada ya nyingine, akitafuta labda kuna neno moja tu analolijua. Alikuwa amepata picha ya kwato, anaitazama.

Babu hakulalamika wala hakumtukana mchuuzi. Siku aliyoshuka mlima alimwambia mkewe, "Nilinunua kitu nisichokijua nikampa mtoto wangu. Sitarudia."

Nanzia alidhani anamaanisha hatanunua kitabu tena.

Katika kambi ya mkonge alikuwapo mke wa mwinjilisti, Mama Elieshi, ambaye Jumapili mchana aliwafundisha watoto wa wafanyakazi kusoma, katika banda la kuhifadhia kamba. Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, Senzota alisimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Umemleta mtoto?" akauliza Mama Elieshi.

"Nimejileta mwenyewe, mama."

Mama Elieshi alimtazama kichwani, nywele zilizoanza mvi, halafu akamtazama magotini. Mabenchi yalikuwa ya watoto. "Ingia," akasema. "Utakaa chini."

Akakaa chini, nyuma kabisa, miguu ameikunja, akaimba ba be bi bo bu pamoja na watoto wa rika la binti yake. Walipoisikia sauti yake nzito wakafa kwa kicheko, na wiki iliyofuata kambi nzima ilikuwa ikimwita Mwanafunzi. "Mwanafunzi, kengele imelia!" walimwambia kila alfajiri ya kwenda kazini. Yeye aliitika na kuendelea na safari.

Karatasi hakuwa nayo, lakini mkonge alikuwa nao. Mnajua ukilichora jani la mkonge kwa mwiba wake, ule mchoro hugeuka kahawia na kubaki. Babu alichora herufi kwenye majani ya mstari wake wa kazi, moja hapa, moja pale, na kila alipopita na panga lake alizisoma kabla ya kukata. Siku moja msimamizi alikuta mstari mzima umeandikwa, akaja juu, akauliza ni mhuni gani anayechezea mali ya shamba. Senzota akasema ni yeye.

"Umeandika nini?"

"Jina la mtoto wangu, bwana."

"Mara zote hizi?"

"Nilikuwa nakosea, bwana. Lile la mwisho ndilo sahihi."

Msimamizi akamwamuru ayakate yote siku ileile, yaliyokomaa na yasiyokomaa. Akayakata. Kesho yake akaanza mstari mwingine, safari hii kwenye majani ya chini ambako macho ya msimamizi hayakufika.

Basi ikafika Krismasi nyingine. Senzota alikuwa ameshavuka silabi na ameanza maneno. Mama Elieshi alikuwa amempa kitabu cha hadithi cha Kiswahili, naye akamlipa kwa kumjengea jiko jipya. Lakini alikuwa bado anakwenda mwendo wa kinyonga, na alikuwa amefika kurasa chache tu za mwanzo. Alipanda mlima akiwa na kaniki ya mkewe na blanketi ya kaka yake, na kitabu akakiacha kambini.

Uani, mizigo ilipokwisha kufunguliwa, watu wakaona Nakijwa hana kitu mkononi. Senzota akamwita, akamwambia mbele ya wote, "Chako kipo, mwanangu. Bado nakisoma."

Mwaka uliotangulia walikuwa wamecheka. Mwaka huu hawakucheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana waliona mtu mzima anadanganya. Mbonea alikohoa, akalazimika kusema kama mkubwa wa ukoo. Akasema kwamba Nakijwa sasa amekua. Akasema kwamba watu wa ng'ambo ya mlima wameshamuulizia kwa ajili ya kijana wao, nao ni watu wema wenye ng'ombe, na kwamba shule imetosha.

Bibi yangu Nanzia alikuwa akikoroga makande. Akauweka mwiko chini. "Shemeji," akasema, "umenisaidia shamba, nami siku zote nitakushukuru. Lakini huyu mtoto haendi popote kabla hajamaliza shule. Nimewazika wenzake. Huyu nataka nione mwisho wa anachokitaka."

"Na anataka nini, shemeji? Kusoma? Kusoma nini? Magonjwa ya farasi?" Mbonea akamgeukia ndugu yake, na sauti yake ikashuka, kwa kuwa alimpenda. "Senzota, mimi simwonei mtoto wako. Nakuuliza wewe uliye baba. Unamtakia kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Utajuaje kama kina faida?"

Swali lile lilikuwa la haki, na ndilo Senzota alilokuwa akijiuliza mwenyewe kwenye mistari ya mkonge. Akasema, "Nipe mwaka mmoja, kaka. Krismasi ijayo nitakuja na kitabu, na nitakisoma hapahapa, mimi kwa kinywa changu, toka mwanzo hadi mwisho. Nikishindwa, waite hao watu wa ng'ambo, nami sitatia neno."

Mbonea akakubali. Nakijwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, hakulia. Kesho yake aliamka mapema, akachota maji, akaenda kuchukua kuni, akalima kipande chake cha tangawizi kabla ya jua kupanda, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba kalamu imemfanya mvivu. Aliendelea hivyo mwaka mzima, na darasani hakukosa siku hata moja.

Huko chini nako mwaka ulikuwa mgumu. Masika yalileta homa, na Senzota akalala kitandani akitetemeka mpaka rafiki zake wakaanza kunong'ona. Mama Elieshi alikuja na uji, akakiona kile kitabu kifuani pake.

"Nipe nikusomee kilichobaki," akamwambia. "Utakijua chote, na mtu hatajua nani alisoma."

Senzota akakishika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Hapana, mama. Ukinisomea, itakuwa wewe ndiye uliyekisoma."

Alipopata nafuu alianza upya pale alipoachia. Kilikuwa kisa cha mwanamke mchukuzi wa chumvi aliyevuka jangwa akimtafuta ndugu yake aliyechukuliwa na msafara. Mwanzoni Senzota aliyaona maneno tu, moja moja, kama mtu anayehesabu kokoto. Halafu siku moja, amekaa juu ya rundo la kamba wakati wenzake wanakula, alisoma ukurasa ule ambao kiriba cha maji kinapasuka na yule mwanamke anabaki na fundo moja la maji mdomoni, hajui alimeze au amnyweshe ngamia. Babu alisahau kula. Alisahau kwamba anasoma. Alishtuka tu kuona kwamba amegeuza ukurasa bila kuona kidole chake kikigeuza. Siku hiyo ndiyo aliyopata jibu la swali la kaka yake. Akasoma mpaka mwisho, akarudia, akarudia tena, na alipokata mkonge alikuwa akijisimulia chini kwa chini, ukurasa kwa ukurasa.

Krismasi ikafika, na mvua za vuli mwaka huo zilikataa kwisha. Wanaume wa Kilambeni walipofika mtoni, chini ya mlima, walikuta magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba migomba mizima na mizizi yake. Wenzake wakatua mizigo. Wakasema watasubiri upungue, kwani Krismasi ni siku tu kama siku nyingine, na nyama italiwa hata kesho kutwa.

Senzota alijua kwamba yeye hana kesho kutwa. Alikizungushia kitabu majani ya mgomba, akakitia katikati ya blanketi mpya ya kaka yake, akaufunga mzigo kichwani kwa kamba ya mkonge, akaingia. Walimwita arudi. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani. Karibu na ng'ambo jiwe likageuka chini ya mguu wake, akaenda na maji. Aliinuka mara moja akavuta pumzi, akazama tena, na mkono wake mmoja ukapata mizizi. Alijivuta mpaka matopeni, akashika kichwa chake. Hapakuwa na mzigo.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa uhai akakaa chini. Babu alikimbia kando ya mto akifuata mkondo, anaanguka, anainuka, mpaka akaona kitu kimenasa kwenye matete. Blanketi ilikuwa imeshafunguka na kwenda zake. Kitabu kilikuwamo katika majani yaliyochanika, kimelowa chapachapa, kizito kama jiwe. Alipokiinua, kurasa nyingine zilimwagika kama uji, zikaondoka na maji. Zilizobaki alizibana kati ya tumbo na shati, ili joto la mwili lizikaushe, akaanza kupanda mlima.

Uani kwa Mbonea watu walikuwa wamekwisha kuanza kula. Walimwona akitokea kwenye kona ya migomba, matope mpaka mapajani, damu kwenye kiwiko. Nanzia alisimama. Mbonea naye akasimama.

"Umekuja peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Daraja limekwenda."

"Umevukaje?"

"Nimevuka." Akaingiza mkono ndani ya shati. "Blanketi yako imechukuliwa na maji, kaka. Hiki kimebaki."

Nakijwa alikuja akakipokea kwa ungo, kama mtu anavyopokea unga. Yeye na mama yake walizitenganisha kurasa, moja moja, wakazipanga kuzunguka mafiga mpaka zikakakamaa. Baba yake alipewa nguo kavu na chai ya tangawizi. Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba basi, ameonyesha nia, isomwe siku nyingine. Senzota akakataa. Aliketi kwenye kigoda, Mchungaji Yoeli akaketi ubavuni mwake kushuhudia, na kurasa zilizopona zikawekwa juu ya magoti yake.

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma.

Alisoma polepole. Vijana wawili watatu wakaangaliana. Mchungaji alifuata kwa macho neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Ukaja wa pili, wa tatu. Kisha mchungaji akaona kwamba ukurasa unaofuata haupo, na akamtazama Senzota kwa huruma. Lakini babu hakusimama. Aliinua kidole juu ya karatasi, akaendelea kwa kinywa, bila kubadili sauti, mpaka alipofikia ukurasa uliopona, na hapo kidole kikashuka tena.

"Ngoja," akasema Mbonea. "Hapo ulikuwa husomi."

"Ukurasa huo umekwenda na mto, kaka. Mto ulichukua karatasi. Maneno niliyachukua mimi kabla yake."

Mbonea akamtazama mchungaji. Mchungaji akasema, "Yaliyoandikwa anayasoma kama yalivyo. Yasiyokuwapo yanaungana na yaliyopo. Mwache aendelee."

Akaendelea. Yule mwanamke akaingia jangwani. Watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya nyumba wakaja mmoja mmoja wakakaa. Kiriba kikapasuka. Mwanamke mmoja pale uani akasema, "Yesu wangu!" na makande yakaanza kuungua, hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Mtu alipouliza kama kuna nyama iliyobaki, Mbonea mwenyewe akamfokea, "Nyamaza wewe, hujui kwamba ngamia anakufa?" Kufikia hapo hapakuwa na aliyetazama kidole cha Senzota kiko juu au chini.

Alipofika mwisho, alifunga kurasa zake, akazipangusa kwa kiganja.

"Na ndugu yake?" akauliza Mbonea. "Hakumwona tena?"

"Hakumwona. Alifika mjini akakuta ameshahamishwa. Kitabu kinaishia hapo."

"Haiwezekani."

"Hata mimi nilikasirika," akasema Senzota. "Nililala na hasira siku nyingi. Lakini kaka, wewe uliniuliza kama ninakijua hiki ninachomtakia mtoto. Umekaa na mimi tangu nilipoanza mpaka sasa, nawe umemkasirikia mtu ambaye hukuwahi kumwona, katika nchi ambayo hukuwahi kufika. Hicho ndicho ninachomtakia."

Mbonea alikuna ndevu. Alikuwa mtu wa neno lake. Akasema wale watu wa ng'ambo ya mlima atawaeleza mwenyewe, na kwamba mtoto abaki shule. Kisha akamwita Nakijwa aje achukue kitabu chake, akamwambia kwa ukali wa kuficha machozi, "Na ukikimaliza uniletee mimi, nikuone unakisoma kile kipande cha kiriba."

Nakijwa alikishika kile kitabu kilichokuwa nusu karatasi na nusu kinywa cha baba yake. Usiku na mchana wa siku zile za sikukuu alimkalisha baba yake akamwambia arudie sehemu zilizopotea, akaziandika kwenye karatasi za shule na kuzishona mahali pake kwa uzi. Alimaliza shule ile, akaenda ya mbali zaidi, na baadaye akawa mwalimu. Mlimfahamu wengine wenu, mlikaa mapajani pake.

Lakini jambo lililoleta desturi hii lilitokea Krismasi iliyofuata. Senzota aliporudi, mizigo ikafunguliwa, na ilipokwisha Nakijwa akatoka ndani akiwa na kitabu chake mwenyewe. Alikuwa amekinunua kwa mauzo ya tangawizi yake. Akapiga goti, akampa baba yake kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza hapa mlimani mtoto kumpa mzazi zawadi ya Krismasi, na watu hawakujua kama washangilie au wamkanye.

Senzota akakipokea. Kabla hajakifungua akauliza, "Wewe umekisoma?"

"Chote, baba."

"Kimekufanya nini?"

Nakijwa akafikiri. "Kimenichekesha mpaka mama akanifukuza jikoni. Halafu mwishoni kikaninyamazisha."

"Basi kaa hapa," akasema babu, akisogea kumpa nafasi kwenye mkeka, "unianzishie."

Na tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, mtu hampi mwenzake kitabu asichokisoma. Wapo waliohamia Tanga, wapo walioko Dodoma na Mombasa, na mwaka mzima utawasikia wakisema, "Hiki ninachosoma ni cha shangazi," au "Hiki ni cha yule mdogo, acha nikimalize." Wasiojua kusoma bado husomewa na anayewapa, mwanzo hadi mwisho, hata kama ni babu mwenye miwani iliyovunjika. Tunakula tukishamaliza kupeana, na kila anayepokea huuliza swali lilelile, na kila anayetoa hujibu kwa maneno yake, si kwa maneno ya jalada.

Na mtu akifika na kitabu ambacho hajakimaliza, kazi zilimbana, safari ilikuwa ndefu, hatumfukuzi wala hatumsemi. Tunampa kiti karibu na dirisha, penye mwanga, tunamfunikia chakula chake, naye anasoma. Tunamngoja mpaka afike mwisho.